Jiwe Tunalolikanyaga: Elimu ya Maumbile na Wajibu wa Mlei wa Lubumbashi



Kitabu cha Yobu, katika sura ya 28, kina maneno ambayo wakazi wa Lubumbashi wangestahili kuyafahamu kuliko watu wengine. Mwandishi mtakatifu anawaeleza humo wachimba madini: jinsi wanavyoshuka mahali pasipofika mwanga, jinsi wanavyoning'inia mbali na makao ya watu, jinsi chuma kinavyotolewa ardhini na shaba inavyopatikana kwa kuyeyusha jiwe. Kisha anageuka na kuuliza ni wapi binadamu hodari namna hii atakapoipata hekima. Wasomaji wa nchi nyingine huisoma sura hiyo kama mfano wa mbali. Kwetu sisi ni habari ya kila siku: ya baba zetu walioajiriwa migodini, ya kaka zetu wanaochimba kwa mikono, na ya watoto wanaookota na kuosha mawe wakati wenzao wako darasani.

Tunataka kutetea wazo moja katika tafakari hii. Kuyajua mawe ya nchi yetu, yaani asili yake, muundo wake na matumizi yake, ni sehemu ya wajibu wa mlei Mkatoliki wa Katanga, na wajibu huo unastahili nafasi katika maisha ya jumuiya zetu pamoja na kwaya, matendo ya huruma na katekisimu. Tutaanzia mbali kidogo, kwa sababu jiwe lenyewe linatoka mbali.

Asili ya shaba yetu

Ukimwuliza kijana wa Lubumbashi shaba inatoka wapi, atakutajia Kipushi, Likasi, Fungurume na Kolwezi. Jibu hilo ni sahihi, ila linaanzia katikati ya safari. Wataalamu wa fizikia ya nyota wanatufundisha kwamba ulimwengu ulipoanza kupanuka, miaka ipatayo bilioni 13.8 iliyopita, karibu mata yote iliyotokea ilikuwa hidrojeni na heliamu, gesi mbili zilizo nyepesi kuliko zote. Hapakuwa na shaba wala chuma. Hata kaboni iliyomo katika miili yetu haikuwapo. Elementi hizo zilipikwa baadaye, ndani ya nyota.

Nyota ni tanuru. Nguvu ya uvutano huibana gesi mpaka viini vya atomu vinagongana na kuungana. Hidrojeni huwa heliamu, heliamu huwa kaboni na oksijeni, na katika nyota nzito kazi huendelea mpaka kwenye chuma, chenye protoni 26. Hapo tanuru hukwama, kwa maana kuunganisha viini vya chuma hakutoi nishati tena, hula nishati. Shaba, yenye protoni 29, ilihitaji njia nyingine. Ndani ya nyota zenye uzito wa mara nane ya jua letu au zaidi, viini vya chuma vilivyorithiwa kutoka kwa nyota za kale humeza nutroni moja baada ya nyingine, na baadhi ya nutroni hizo hugeuka kuwa protoni. Sehemu kubwa ya shaba ya ulimwengu ilipatikana hivyo. Nyota ya namna hiyo ikifikia mwisho wake huporomoka na kulipuka, na mlipuko huo, unaoitwa supanova, hutawanya mazao yake angani. Vumbi hilo lilichanganyika na mawingu ya gesi, na katika wingu mojawapo jua letu na dunia yetu vilizaliwa, miaka ipatayo bilioni 4.6 iliyopita.

Kuhusu kobalti tunao ushuhuda wa karibu zaidi. Mwezi wa Februari 1987, mwanga wa nyota iliyolipuka ulitufikia kutoka Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, baada ya kusafiri zaidi ya miaka 160,000. Watu wa upande wa kusini wa dunia waliweza kuuona kwa macho matupu. Baadaye mwanga huo ulipungua kwa mwendo ambao wataalamu waliutambua mara moja. Ulikuwa mwendo wa kuoza kwa kobalti 56, ambayo nusu yake hugeuka kuwa chuma kila baada ya siku 77. Na vyombo vya satelaiti vilipokea mionzi ya kobalti hiyo moja kwa moja. Kobalti ya migodi yetu ni ndugu yake, kobalti 59, isiyooza. Lakini ukoo ni mmoja, na tanuru ni za aina moja.

Dunia ilipokwisha kuumbika, kazi haikusimama. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, maji moto yenye chumvi nyingi yalipenya katika tabaka za miamba ya Katanga, yakaiyeyusha shaba na kobalti iliyotawanyika, yakaibeba na kuiweka mahali pamoja. Baadaye mvua na hewa vikayageuza mawe yaliyokuwa karibu na uso wa ardhi, na hivyo tukapata malakiti ya kijani ambayo mafundi wetu huchonga shanga na sanamu, na heterojeniti, lile jiwe jeusi la kobalti ambalo wachimbaji wetu wanalitafuta kwa koleo na nyundo.

Tunasimulia haya kwa sababu yana neno la kuwaambia watu wanaogombea mali. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wetu ulianzishwa mwaka 1910. Kabla ya hapo walikuwapo machifu na falme. Kila mmoja kwa zamu yake alisema mawe haya ni yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetengeneza chembe moja ya shaba. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulikumbusha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Elimu ya nyota haithibitishi fundisho hilo, kwani hiyo si kazi yake. Lakini mtu anayejua kwamba shaba iliyo mkononi mwake ni ya kale kuliko jua lenyewe atasita kidogo kabla ya kutamka neno "yangu".

Je, elimu hii inapunguza imani?

Tunawasikia ndugu zetu wengine, hasa katika makundi ya maombi yanayochipuka kila mtaa, wakisema kwamba habari za atomu na mabilioni ya miaka zinawapoteza vijana. Tunawaheshimu kwa bidii yao ya sala, lakini katika jambo hili hatukubaliani nao, na historia ya Eklezia iko upande wetu.

Aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka katika kitu kimoja alichokiita atomu ya mwanzo, alikuwa padri. Ni Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyepewa upadri mwaka 1923, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Alisoma breviari na kuadhimisha Misa, na alikokotoa hesabu ngumu kuliko wenzake wengi. Watu walipotaka kuitumia nadharia yake kama uthibitisho wa sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, yeye mwenyewe hakupendezwa. Aliona kwamba sayansi ina njia yake na imani ina njia yake, na kwamba mwenye haraka ya kuzichanganya huziharibu zote mbili. Kuanzia mwaka 1960 hadi kifo chake mwaka 1966 alikuwa rais wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi.

Louvain hiyohiyo ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa, mwaka 1954. Mkuu wake, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri na mtaalamu wa fizikia ya kiini cha atomu. Chini ya uongozi wake, mwaka 1959, tanuri ya kwanza ya nyuklia katika Afrika nzima iliwashwa hapo Lovanium. Maana yake ni kwamba mlango wa fizikia hiyo katika bara letu ulifunguliwa na padri, katika chuo kikuu cha Kikatoliki, katika nchi yetu wenyewe. Kijana Mkatoliki wa Lubumbashi anayetaka kusoma fizikia haachi nyumba ya wazazi wake. Anaingia katika chumba kimojawapo cha nyumba hiyo, chumba ambacho wengi wamesahau kwamba kipo.

Mlima mweusi wa mji wetu

Babu zetu hawakungoja chuo kikuu ili wawe wanakemia. Wayeyushaji wa kale wa Katanga walikusanya malakiti, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatumia makaa ya miti na mivuo ya ngozi. Moto uliifukuza hewa ya kaboni na maji kutoka katika jiwe. Makaa yaliiondoa oksijeni iliyobaki. Na shaba, inayoyeyuka kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,080, ikatiririka chini. Waliimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo midogo ikawa fedha na mahari. Imepatikana hata katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, na ilikuwako kabla mmisionari yeyote hajafika. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu ya wayeyushaji hao mwaka 1926, akiwaita walaji wa shaba. Walijua joto gani linatakiwa, mti gani unatoa makaa mazuri na jiwe gani halifai. Ujuzi huo ulirithishwa kwa nidhamu kubwa, na hakuna aliyeuona kuwa jambo la wageni.

Tuutazame sasa mlima mweusi uliosimama karibu na bomba refu la moshi. Tanuru ya Lubumbashi ilianza kutoa shaba mwaka 1911, na kwa miongo mingi mabaki yake yalimwagwa hapo mpaka yakawa kilima ambacho kila mgeni anaonyeshwa. Kizazi baada ya kizazi kimekiita takataka. Lakini mawe yaliyoyeyushwa hapo yalijumuisha yale ya Kipushi, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 30, na mawe ya Kipushi yana germaniamu. Tanuru ilichukua shaba. Kobalti, zinki na germaniamu zikabaki ndani ya mabaki.

Germaniamu ni nini? Mwaka 1871 mwanakemia Mrusi Dmitri Mendeleev, akiwa amezipanga elementi kwa safu, aliona nafasi tupu chini ya silikoni akatabiri kwamba elementi ya nafasi hiyo ipo, na akaeleza tabia zake. Mwaka 1886 Clemens Winkler aliipata Ujerumani, na tabia zake zikalingana na utabiri. Mwaka 1947 transista ya kwanza, mama wa elektroniki zote za leo, ilitengenezwa kwa germaniamu. Siku hizi hutiwa katika kioo cha nyuzi zinazopitisha intaneti, ili mwanga usitoroke njiani. Hutumika katika lenzi zinazoona joto gizani. Na huwa msingi wa paneli zinazokusanya nishati ya jua kwenye satelaiti. Mwaka 2024 kampuni tanzu ya Gécamines inayochakata mabaki ya mlima wetu ilianza kuuza germaniamu yake nje ya nchi. Elementi iliyozaliwa katika nyota, ikalala Kipushi, ikatupwa pamoja na takataka Lubumbashi, sasa inaweza kurudi angani.

Mlima huo haukubadilika. Atomu zilizomo leo ndizo zilizokuwamo wakati babu zetu wakipita kando yake kwenda kazini. Kilichobadilika ni ujuzi wa watu. Hilo ndilo somo tunalotamani kila mzazi alitafakari, kwa maana sisi Wakatanga tumezoea kusema kwamba tu matajiri kwa sababu ya ardhi yetu. Jiwe peke yake halijawahi kumtajirisha mtu asiyelijua. Mara nyingi limemtajirisha mwingine aliyelijua.

Kobalti na wanaoamua bei yake

Mfano wa kobalti ni mkali zaidi. Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake waligundua kwamba kiwanja cha kobalti na oksijeni hupangika kwa tabaka, kama kurasa za kitabu, na kwamba atomu za lithiamu zenye chaji zinaweza kuingia na kutoka kati ya kurasa hizo bila kitabu kuchanika. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ilileta sokoni betri za kwanza za namna hiyo, na mwaka 2019 Goodenough alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Simu iliyo mfukoni mwa kila mmoja wetu ni tunda la kazi yao. Ndiyo sababu nchi yetu, inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ilianza kutazamwa na mataifa makubwa.

Lakini kundi la huyohuyo Goodenough, katika miaka ya 1990, liligundua betri nyingine inayotumia chuma na fosfati, isiyohitaji hata gramu moja ya kobalti. Leo betri hiyo inaendesha magari mengi sana ya umeme, hasa ya China. Mwezi wa Februari 2025, bei ya kobalti ilipokuwa imeanguka, serikali yetu ilisimamisha kuiuza nje, na baadaye ikaweka mgawo. Hatutaki kuhukumu siasa hizo hapa. Tunataka tu tuone jambo moja: mkate wa familia nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi unategemea uamuzi wa mwanakemia aliye mbali, ambaye asubuhi moja anaweza kupata njia ya kuliacha jiwe letu. Na sehemu kubwa ya kobalti yetu huondoka nchini ikiwa hidroksidi, unga usiokamilika, ili ikasafishwe na kupewa thamani kwingine.

Mwaka 2022 kituo cha utafiti wa betri kilizinduliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Hiyo ni habari njema. Lakini kituo hakiwezi kuzaa watafiti kama shule za sekondari hazikiletei vijana waliowahi kushika neli ya kupimia, waliowahi kuona kwa macho yao asidi ikigeuza malakiti kuwa maji ya buluu. Katika madarasa mengi kemia hufundishwa kwa chaki tu. Mtoto anaandika jina la shaba ubaoni, na shaba yenyewe iko chini ya sakafu.

Ujuzi bila hekima

Hatusemi kwamba ujuzi unaokoa. Katanga ina ushahidi mchungu wa kinyume chake. Uraniamu, yenye protoni 92, ni miongoni mwa elementi ambazo tanuru ya kawaida ya nyota haiwezi kuzipika. Zinahitaji matukio ya ukali wa pekee, kama vile kugongana kwa masalio mazito ya nyota zilizokufa, jambo ambalo wataalamu walilishuhudia tarehe 17 Agosti 2017. Elementi hiyo adimu ilijikusanya Shinkolobwe, karibu na Likasi, kwa wingi usio na mfano. Mgodi ulitambuliwa mwaka 1915, na kwanza ulitafutiwa radiamu ya kutibia saratani. Kisha ukaja uamuzi mwingine. Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa na Marekani katika mradi wake wa bomu la atomu ilitoka hapo, na tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliteketezwa. Siku hiyo Eklezia huadhimisha Kugeuka Sura kwa Bwana, sikukuu ya mwanga wa mlimani. Tangu hapo kila mwaka tarehe hiyo inatuwekea mianga miwili mbele yetu, na Mkristu wa Katanga hawezi kuitazama kama mtu asiyehusika.

Ushahidi mwingine uko katika nyumba zetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa na watafiti wa Lubumbashi na Leuven katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, ulionyesha kwamba wakazi walioishi katikati ya mashimo walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto walizidi watu wazima. Mwaka 2020 utafiti mwingine, uliofanyika hapa Lubumbashi, ulionyesha kwamba hatari ya kuzaliwa mtoto mwenye kasoro za maumbile ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipofanya kazi zinazohusiana na madini. Kobalti ni elementi yenye faida. Kiasi kidogo mno kimo ndani ya vitamini B12, na kobalti 60 hutumika hospitalini kuchoma saratani. Vumbi lake likiingia kwa wingi katika mapafu ya mtoto, ni sumu. Mama anayejua hilo hataziosha nguo za machimboni katika beseni moja na nepi. Asiyejua ataziosha pamoja, na wala hatuwezi kumlaumu.

Neno juu ya njaa

Msomaji atatujibu: watoto hawaendi machimboni kwa sababu ya ujinga, wanakwenda kwa sababu ya njaa. Jibu hilo ni la kweli, na anayehubiri nyota mbele ya sufuria tupu anastahili kukemewa. Hatumwambii mjane mwenye watoto sita awaondoe machimboni kesho bila kumpa kitu mkononi. Tunaiambia jumuiya yake. Elimu ya msingi imetangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari si bure, na hapo ndipo watoto wetu wanapotea. Mtoto wa miaka 13 ni mkubwa wa kutosha kubeba gunia, na karo yake ni nzito kuliko gunia hilo. Kumsomesha ni kuchelewesha fedha ya leo kwa ajili ya fedha ya miaka kumi ijayo, na familia moja peke yake haiwezi kubeba kuchelewa huko. Jumuiya inaweza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wa parokia ya kawaida.

Kwanza, kila jumuiya hai ya msingi imchukue mtoto mmoja aliye katika hatari ya kuacha shule kwa ajili ya madini, na kumlipia masomo mpaka mtihani wa dola. Mtoto mmoja tu kwa jumuiya, asiachwe njiani.

Pili, sadaka ya Misa moja kwa mwaka iwekwe kwa ajili ya vifaa vya maabara katika shule zetu za Kikatoliki. Tangu makubaliano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na Eklezia, shule hizi ziko mikononi mwetu kwa usimamizi. Mizani, neli, taa ya kuchomea na asidi iliyopunguzwa makali si vitu vya anasa katika nchi ya shaba.

Tatu, wataalamu walio kati yetu, wahandisi, wauguzi, wanajiolojia na walimu wa kemia, wajitolee saa moja kwa mwezi baada ya Misa kuwaeleza wazazi, kwa lugha ya nyumbani, hatari za vumbi na maji ya machimbo na namna ya kujikinga. Walezi wa Kiro na Xaveri wanaweza kuwatoa vijana nje usiku mmoja wa kiangazi, anga la Katanga linapokuwa safi, wakawaonyesha Antares, nyota nyekundu katika kundi la Nge. Hiyo ni nyota nzito iliyozeeka, ambayo siku moja italipuka na kutawanya alichokipika Muumba ndani yake. Hakuna karo kwa somo hilo.

Nne, pasiwe na Mkatoliki anayenunua jiwe kutoka mkononi mwa mtoto. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji dhamiri tu.

Kuhusu dhamiri, Mungu ametupa mfano wa karibu. Tarehe 15 Juni 2025 Eklezia ilimtangaza Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mlei wa Goma, aliyeuawa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Alikataa hongo na akakataa kuupitisha mchele ulioharibika, kwa sababu alijua ungewadhuru watu ambao hakuwafahamu hata kwa majina. Kazini kwake mambo mawili yalikutana: ujuzi uliotambua kwamba kitu hiki ni kibovu, na moyo uliokataa kusema ni kizima. Ujuzi bila moyo huo ungemfanya tajiri. Moyo bila ujuzi ungempa huzuni tu, naye asingeweza kumlinda mtu yeyote.

Wataalamu wa namna hiyo ndio tunaowahitaji Katanga: wanakemia wanaopima maji ya mto na kutamka kipimo cha kweli, wahandisi wanaosafisha kobalti yetu hapa nyumbani bila kumwaga asidi katika mashamba ya wanakijiji, na mahakimu wanaoelewa ripoti ya maabara iliyowekwa mezani pao. Hawatashuka kutoka mbinguni. Baadhi yao wana miaka 13 leo, na wanasubiri kujua kama mwezi wa tisa watarudi darasani.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, Musa aliwaahidi Waisraeli nchi ambayo vilima vyake huchimbwa shaba. Na mara moja akawaonya wasije wakashiba wakamsahau Bwana. Sisi tumeipata nchi hiyo kwa kuzaliwa tu, pamoja na onyo lake. Tumwombe Mungu, aliyeziwasha nyota na kuijaza ardhi yetu, awape watoto wetu akili ya kuyajua mawe haya na hekima ambayo Yobu aliitafuta. Nasi tufanye sehemu iliyo juu yetu, tukianza na mtoto mmoja katika kila jumuiya.